Mutuambie ukweli wa vita, tutasikia ukweli wa ugonjwa

Vijana wenzetu wa Kanyabayonga, wenye muko Butembo, Beni na Lubero, na wenye mulibaki nyumbani,

Kila mara ugonjwa unalipuka huku kwetu, kuko sentensi moja yenye wakubwa wanatoa haraka kushinda dawa: "Wakaaji wanakataa juu ya mila zao." Tuliisikia Beni mwaka 2018, tukaisikia Butembo na Katwa mwaka 2019. Mwezi wa 9 mwaka 2025, wakati Ebola ilitangazwa Bulape, kule Kasai, ile sentensi ilirudi ndani ya magrupu yetu ya WhatsApp, safari hii juu ya ndugu zetu wa Kasai, mbele hata hatujajua wagonjwa ni wangapi. Ile ya Bulape iliisha tarehe 1/12/2025. Ingine itakuja. Na ikikuja kwetu, itapita ku barabara yenye vita ilikata katikati. Njo maana tunaijibu ile sentensi mbele ya ugonjwa, siyo wakati ambulansi zinalia.

Ebola ya kumi ya inchi yetu ilitangazwa tarehe 1/8/2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25/6/2020. Wagonjwa 3470, wafu 2287. Katika dunia nzima, ile ya Afrika ya Magharibi peke yake njo iliipita. Ilianzia Mangina, ikaingia Beni, ikajaza Butembo na Katwa, ikashuka mpaka zone ya afya ya Kayna, mlango kwa mlango na sisi. Basi mutu asituambie kwamba vijana wa huku hawakujua ni nini.

Na kweli, kukataa kulikuwako. Tusifiche. Watu walirushia magari mawe. Sentro ya matibabu ya Katwa ilishambuliwa tarehe 24/2/2019, ya Butembo tarehe 27/2/2019, kisha Médecins Sans Frontières wakasimamisha kazi pale. Tarehe 19/4/2019, Dr Richard Mouzoko, munganga wa OMS mwenye alitoka Kameruni, alipigwa risasi akafa ndani ya Cliniques Universitaires du Graben, pale Butembo. Alikuja kutuponyesha watoto wetu. Ile ni mauaji, na hatutaipatia jina zuri la "hasira ya wakaaji". Lakini kati ya muuaji mwenye bunduki na mama mwenye anaficha mtoto wake mwenye homa, kuko mbali sana, na wenye kuandika ripoti wanaweka wote wawili ndani ya neno moja: upinzani.

Tuongee juu ya yule mama.

Wanasema mila yetu ni kushika maiti. Ndiyo, mutu wetu akikufa tunamuosha, tunamuvalisha, tunalala ku matanga, na kaburi yake tunataka iwe ku shamba ya familia. Maiti ya Ebola imejaa virusi, hilo hata sisi tunalisema. Lakini kile kilikasirisha watu mwanzoni hakikuwa kukatazwa kuosha. Ni kuona watu wasiojulikana wanashuka ku gari, wamevaa kama watu wa mwezini, wanafunga baba ndani ya mfuko, wanaondoka naye, na familia hajui kama ndani ya mfuko ni yeye. Kwetu mutu mwenye hamukumuona uso hajazikwa. Pale timu za kuzika zilianza kuacha familia ione, iombe, ichague nguo na kusimama karibu ya kaburi, maneno yalipunguka. Pale Beni, shirika ALIMA lilileta vyumba vya plastiki yenye kupitisha macho, wanaviita CUBE: mgonjwa analala ndani, mama anasimama inje, wanaonana, wanaongea. Hakuna mila iliyovunjwa pale, na virusi haikutoka. Kumbe iliwezekana tangu siku ya kwanza.

Na hii sentensi ya mila, mbona inaenda upande moja tu? Mwaka 2020, wakati wa korona, kule Uingereza watu walichoma minara ya telefoni juu walisema 5G njo inaleta ugonjwa. Minara makumi. Hatukusikia hata mujuzi moja akienda kuchunguza mila za Waingereza. Walisema ni habari za uongo za mitandao na ukosefu wa imani kwa serikali. Vizuri. Basi na sisi mutupimie ku kilo ile ile.

Imani ilipotea wapi? Hapa tarehe ziko. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wa Beni wanachinjwa usiku na panga. Miaka minne walipiga simu, waliandamana, walizika. Hakuna ndege iliyojaa wajuzi ilishuka. Halafu mwezi wa 8 mwaka 2018 ugonjwa unatangazwa, na ndani ya wiki kidogo magari meupe yanajaa, hoteli zinajaa, walinzi wenye silaha wanapatikana. Mama ya Beni akauliza ulizo ambalo mpaka leo hatujasikia jibu lake: "Mulikuwa wapi?" Mtoto wake anakufa na malaria. Mwaka 2019 surua, ile tunaita rougeole, iliua watu zaidi ya 6000 ndani ya inchi yetu, wengi ni watoto, yaani kushinda Ebola yote. Gari la surua uliliona mara ngapi ku mtaa wenu? Kuuliza vile si ujinga. Ni hesabu, tena hesabu nzuri: mutu mwenye hakuniangalia nikichinjwa, leo ananipenda juu ya nini?

Kisha kukaja ile ya kura. Tarehe 26/12/2018, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na inchi, juu ya Ebola na usalama. Siku moja mbele yake ilikuwa Noeli, makanisa yalijaa mpaka inje. Soko zilikuwa wazi. Watu walibanana ndani ya basi. Ugonjwa uliruhusu kuuza nyanya na kuimba misa, lakini ulikataza kupiga kura! Wachaguzi zaidi ya milioni moja, ukihesabu na wa Yumbi kule Magharibi, walibaki inje. Sisi wa Lubero tulipiga, wao hapana. Tarehe 30/12 vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe, watu wakafuata mustari, wakanawa mikono mbele ya kupiga. Wakanawa mikono! Wale wale "wenye kukataa". Tarehe 24/1/2019 raisi akaapishwa, na Beni na Butembo wakaenda kuchagua wadepite tu, tarehe 31/3. Ukitaka kujua nani alifundisha watu kwamba Ebola ni siasa, usitafute kwa mganga wa kienyeji. Angalia kominike ya tarehe 26.

Mbele hata ya ile kominike, mwezi wa 9 mwaka 2018, wachunguzi waliuliza watu wakubwa 961 pale Beni na Butembo. Matokeo yalitoka ndani ya gazeti la waganga The Lancet Infectious Diseases mwaka 2019. Robo moja walisema Ebola haiko. Wenye waliamini kwamba viongozi wa hapa wanafanya kwa faida yao hawakufika hata moja ku tatu. Na wenye hawakuamini viongozi njo wale wale hawakutaka chanjo. Hii iliandikwa na wajuzi, siyo na sisi. Feza ya riposti iliendelea kwenda ku magari.

Juu ya ile feza, hatutasema mingi, kila mutu wa Butembo anaijua chini ya jina "Ebola business". Vijana wenye diplome kama sisi walibeba madosie yao ofisi kwa ofisi, na walirudia nayo nyumbani. Wasichana waliombwa kitu kingine. Hiyo siyo uvumi wa ku pombe: tume huru ilitoa ripoti tarehe 28/9/2021, ikataja watu 83 wenye walishtakiwa kutumia wanawake, 21 kati yao ni wa OMS. Sasa uje mutaani jioni na mikrofoni, ukiwa umevaa jile ileile, utuambie "mutuamini".

Na mikrofoni ile inaongea luga gani? Mabango ya kwanza yalikuja na Kifaransa, ao na Kiswahili cha mbali, kile cha Dar es Salaam, kizuri sana, lakini ku kijiji cha Lubero bibi anasikia Kinande, na Kiswahili chake ni hiki chetu chenye hakina sarufi ya shule. Shirika Translators without Borders lilichunguza hilo jambo ku inchi yetu wakati ule ule wa Ebola, na likasema wazi kwamba watu wanataka maelezo marefu, ndani ya luga yenye wanaongea nyumbani, kwa mdomo wa mutu wanamjua. Maelezo marefu! Wao walikuwa wanafikiri raia anahitaji picha ya mikono na sabuni. Raia alikuwa anauliza: kwa nini huyu alipata chanjo na bado akagonjwa? Kwa nini jirani alitoka muzima na mimi ndugu yangu hapana? Haya maulizo yako na majibu ya kweli. Hayakujibiwa kwa wakati, basi wengine wakayajibu, ku audio za WhatsApp, sauti bila jina: "Sikilizeni wapendwa, nimetoka sasa hivi ku hospitali..." Uvumi uko na kipaji kimoja chenye kominike haina. Unaongea kama mutu wa nyumbani.

Mwezi wa 7 mwaka 2019 pasta moja alipanda basi Butembo, akateremuka na barabara yetu mpaka Goma, mgonjwa. Alikuwa wa kwanza kuonekana na Ebola ndani ya ule muji, tarehe 14/7. Wizara ya afya ilisema ku vizuizi vya kupima joto alikuwa anataja majina tofauti. Watu wengi walimucheka. Sisi tunaona mutu mwenye aliogopa watu wa kizuizi kushinda ugonjwa wake. Ukijenga kizuizi chenye kinafanana na kile cha askari wa kuomba feza, watu watakipita namna wanapita kile.

Radio za karibu njo zilijaribu kusahihisha. Tunasema radio ndogo, zenye antena iko ku mti na jenereta inazimika katikati ya habari. Pale mtangazaji ni mutoto wa Mama fulani, akisema uongo kesho atakutana nawe ku soko. Ile kazi ina bei. Papy Mahamba Mahongya, mwandishi wa radio pale Lwemba, upande wa Mambasa, aliuawa nyumbani kwake mwanzo wa mwezi wa 11 mwaka 2019; alikuwa ametoka kuongoza kipindi juu ya Ebola. Hatuna haki ya kuongea juu ya "media na magonjwa" bila kutaja jina lake.

Wengine watatujibu: hata mukiongea vizuri, watu wa Kivu ni vichwa ngumu. Tuwakumbushe volkano. Tarehe 22/5/2021 Nyiragongo ililipuka usiku. Hakuna onyo lilitolewa mbele. Watu wa Goma waliona mbingu inageuka nyekundu na wakaanza kukimbia, wakipigiana simu. Makumi walikufa. Siku tano nyuma, asubuhi mapema ya tarehe 27/5, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie kumi zitoke. Ndani ya masaa, watu maelfu na maelfu walikuwa ku barabara ya Sake, wazee mgongoni. Walisikia mara moja. Juu ya nini? Juu udongo ulikuwa unatetemeka chini ya miguu yao, na mutu mwenye alitangaza alisema kile macho yao iliona. Tena alitaja kartie kwa majina na njia ya kupita. Haikuomba mila yoyote ibadilike.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 28/6/2024 Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23. Mji wetu ulikuwa umejaa wakimbizi wa Rutshuru, wenye waliamini kwamba juu ya mlima wa Kabasha vita haitapanda. Siku zile tulikaa na masikio ku telefoni na ku radio. Kominike zilisema "hali iko chini ya kontrole", na wapita-moto wakatuambia kinyume. Tuliamini wapita-moto, na tuko wazima juu ya hilo. Hakuna mutu wa serikali alituambia: mutoke saa fulani, mupite Kayna, wagonjwa wa hospitali watabebwa hivi. Barabara ya Kirumba ikajaa magodoro, mbuzi, mama wajawazito. Habari ya kusimamisha vita kwa wiki mbili, kuanzia tarehe 5/7, Marekani njo walitoa, na wengi kati yetu tuliisikia ku radio za inje, ndani ya nyumba za watu, Butembo.

Fikiria vizuri kile kitu kilifanya ndani ya vichwa. Siku ile watu elfu na elfu walijifunza kwamba sauti rasmi inadanganya wakati kifo iko karibu, na sauti ya jirani inaponyesha. Kesho sauti ile ile rasmi ikisema "kuko Ebola, mulete mgonjwa", ao "kuko mpox, msigusane", unafikiri watu watafungua ukurasa mupya? Hapana. Mutu hana masikio mawili, moja ya vita na moja ya ugonjwa. Na upande wenye ulichukua mji wetu nao una wasemaji wake, wenye wanaongea vizuri sana ku X. Tunawapima na kilo ile ile: mtoto akigonjwa pale Kanyabayonga, damu yake itapita front namna gani mpaka laboratwari, na nani atasema matokeo bila kuyageuza kuwa propaganda? Virusi haiulizi kitambulisho. Tungependa pande zote mbili ziandike jibu mbele ya siku ile, na si usiku wake.

Kuko mfano hatuupendi kuusahau. Tarehe 7/2/2021 Ebola ilirudi, upande wa Biena na Butembo. Safari ile kazi ilibebwa zaidi na manesi na waganga wa hapa, wenye walijifunza ndani ya ile kubwa. Iliisha tarehe 3/5/2021: wagonjwa 12, wafu 6. Sababu ni nyingi, chanjo ilikuwako tayari, tusidanganye. Lakini mama wa Butembo alifunguliwa mlango na nesi mwenye anajua jina la mtoto wake.

Kwa hiyo tunaomba vitu vyenye vinaweza kufanyika. Zone za afya za Lubero zitoe taarifa kila wiki, kwa Kinande na kwa Kiswahili chetu, hata wiki yenye hakuna ugonjwa, na waseme pia kile hawajui. Radio ndogo zipewe mafuta ya jenereta na ulinzi mbele ya mabango kuchapishwa, na mtangazaji mwenye anatishwa apate mahali pa kulala. Timu ya kuzika iwe na watu wa kartie ndani yake tangu maiti ya kwanza. Hesabu ya feza ya Ebola ya 2018 mpaka 2020 itoke hadharani, jina kwa jina, hata sasa. Na mamlaka yenye inatoa kominike ya vita ijue kwamba siku ile ile inatoa pia kominike ya ugonjwa unaokuja.

Sisi tutafanya upande wetu. Tangu mwezi huu, ndani ya magrupu yetu, audio bila jina na bila mahali haitapita. Mwenye kuituma ataulizwa: umesikia kwa nani, lini, wapi? Kila kartie ya wahamaji Butembo, na kila avenue ya nyumbani kwenye tuko na mutu, tunatafuta nesi ao relais moja mwenye watu wanamuamini, na nambari yake inaandikwa ku karatasi, ku mlango. Karatasi, juu telefoni inazimika. Wenye muko na nambari ya nesi wa kartie yenu, muitume kwa mwenye kupanga grupu. Wenye hamuna, mutoke muiulize leo jioni.